Mwongozo kamili: kutengeneza vikosi vya farasi kwenye gemu la vita la matofali ya kuchezea

Watu wengi wakianza gemu la vita la matofali ya LEGO wanachukulia farasi kirahisi mno, wanampachika kidoli juu ya farasi, alafu wanaandika kwenye daftari "huyu ni askari wa kawaida ila anaenda mara mbili", wamemaliza. Kacheze hivo jioni moja uone. Kila mtu atataka farasi watupu, askari wa miguu wanabaki mapambo, na mwenye farasi wengi ndo mshindi kabla dadu haijarushwa. Afu watu wanasema gemu baya, kumbe gemu halina shida, farasi kapewa faida zote na hajalipishwa chochote.

Msimamo wangu ni huu na kila kitu hapa chini kinatoka humo: farasi ni askari wa mstari mnyoofu. Akipata uwanja wazi na nafasi ya kuchanganya mbio ni balaa, lakini akibanwa kwenye kona, mlangoni, au akisimamishwa mbele ya mikuki, anageuka mnyama mkubwa ambaye hata kipofu atampata. Kanuni zako zikiweza kuonyesha hayo mawili mezani bila mtu kufungua kurasa kumi, kazi imeisha.

Unachohitaji ni matofali uliyonayo (ya LEGO au yale ya Kichina yanayoingiliana nayo, kidoli hajali kiwanda), dadu za kawaida za pande sita, rula au futi ya fundi cherehani, na karatasi ya daftari. Gundi hapana. Ukigandisha leo kesho utataka kubadilisha na utalia.

Kwanza kabisa, kanuni za askari wa miguu

Huwezi kupanga farasi kama hujui farasi anashindana na nini. Kama gemu lenu lina kanuni zake tumieni hizo, kama hamna anzeni na hizi ambazo nitazitumia kwenye mahesabu yote: askari wa miguu anasogea sentimita 12 kwa zamu, akipigana anarusha dadu moja na akipata 4 kwenda juu amepiga, aliyepigwa anarusha dadu ya kinga na akipata 5 kwenda juu ameokoka. Thamani yake pointi 4. Maana yake ni kwamba pigo moja la askari wa miguu kwa mwenzie linaua mara moja kati ya tatu, nusu kupiga mara theluthi mbili kukosa kinga. Hiyo theluthi moja ikariri, tutaipigia hesabu sana.

Pima farasi kabla ya kuandika kanuni

Hii hatua watu wanairuka na ndo inayozaa mabishano yote ya baadaye. Kinundu kimoja cha tofali mpaka kingine ni milimita 8. Tofali moja kwenda juu ni milimita 9.6, pleti (lile tofali jembamba la bapa) ni theluthi ya hapo yaani 3.2. Kidoli akisimama ana kama sentimita 4. Namba hizi ni zilezile kila mahali kwahiyo meza yako yote inaweza kupimwa kwa vinundu, ila kwa mwendo mi napenda sentimita maana futi inapinda na inapita juu ya vitu.

Sasa angalia kitu ambacho wengi hawajawahi kukigundua: kwenye farasi wa LEGO wa plastiki nzima, yule aliyeanza kutoka 1984, mpanda farasi hakai. Miguu ya kidoli inakunjika mbele na nyuma kidogo, haitanuki pembeni, kwahiyo haiwezekani akapanda kama binadamu anavyopanda, anasimama wima ndani ya shimo la mgongo wa farasi na miguu yake inapotelea mwilini. Kama una farasi asiye na mtu utaona ile nafasi iko wazi mgongoni na lazima uizibe na kitofali. Kwenye gemu hii ni faida kubwa sana, maana kumshusha mtu na kumpandisha ni kumchomoa na kumchomeka, na mezani kila mtu anaona huyu yuko juu au yuko chini, hakuna kujadili.

Weka kila farasi juu ya pleti ya vinundu 4 kwa 8, yaani sentimita 3.2 kwa 6.4. Askari wa miguu mpe ya 3 kwa 3, ambayo ni sentimita 2.4 kila upande, ukikosa pleti kata kadibodi ya boksi kwa vipimo hivohivo. Hapa ushapata kanuni mbili bila kuandika chochote. Askari kumi wa miguu wakipanga mstari wanachukua sentimita 24, farasi kumi wanachukua 32, kwahiyo mstari wa farasi ukigusana na mstari wa miguu wa idadi sawa pembeni kuna farasi wanaobaki hewani au inabidi wazunguke. Na geti la ngome lenye uwazi wa vinundu 4 linapitisha farasi mmoja mmoja, bila kubishana, pleti inapita au haipiti.

Kama huna farasi, jenga

Farasi ndo kipande kigumu kupata kwenye mafungu ya mitumba, vidoli vipo, magurudumu yamejaa, farasi ukimpata ana bahati mbaya ya kutafunwa sikio na mtoto wa mwenye nyumba ya kwanza huko Ulaya. Usihangaike. Ngome ya kwanza ya LEGO yenye vidoli, ile ya njano ya 1978, ilikuwa na farasi wa kujengwa kwa matofali kwasababu farasi wa kipande kimoja alikuwa hajatengenezwa bado, na wale farasi wa kukata kona kona wana uzuri wao.

Chukua pleti ya 4 kwa 8 iwe ardhi. Acha kinundu kimoja mbele, kimoja nyuma, kimoja kila pembeni, katikati unabaki na eneo la 2 kwa 6, hilo ndo farasi. Kwenye pembe nne za hilo eneo simamisha miguu, kila mguu matofali mawili ya 1 kwa 1, jumla manane. Kama huna ya 1 kwa 1 tumia ya 1 kwa 2 uyalaze kwa upana, mbele mawili na nyuma mawili, farasi atakuwa na miguu minene lakini haanguki. Funika juu kwa pleti ya 2 kwa 6. Mbele weka tofali la 2 kwa 2, nyuma la 2 kwa 3, katikati hapo utaona umebaki mstari mmoja wa vinundu viwili, usiuzibe, hapo ndo kidoli anasimama. Ongeza pleti moja juu ya kifua na moja juu ya makalio ili mapaja ya kidoli yafichike. Shingo ni matofali mawili ya 1 kwa 2 kwenye mstari wa mbele kabisa tu, ukiyarudisha nyuma mikono ya kidoli itagonga. Kichwa ni pleti ya 2 kwa 2 inayochomoza mbele kinundu kimoja na tofali la mteremko juu yake. Mkia, chochote kile, hata kipande cha mmea.

Ukipiga hesabu, pleti ya ardhi 3.2, miguu 19.2, pleti ya mgongo 3.2, jumla milimita 25.6, juu yake kidoli wa 40, unapata kama milimita 65.6. Fremu ya mlango ya matofali sita kwenda juu ina milimita 57.6. Kwahiyo mpanda farasi haingii mlangoni, hata umnyang'anye kofia. Atashuka. Hiyo nayo ni kanuni ambayo hukuiandika.

Kitu kimoja cha kuangalia ni mkuki. Mkuki mrefu mkononi unavuta uzito upande mmoja na farasi mwembamba anaanguka kila mtu akigusa meza, kwahiyo mkuki uelekee mbele juu ya shingo, usitokeze pembeni.

Mwendo na kona

H. G. Wells, mwandishi wa Uingereza, alipotoa kanuni zake za vita vya vidoli mwaka 1913 alimpa askari wa miguu futi 1 na wa farasi futi 2 kwa zamu, na miaka zaidi ya mia baadaye uwiano wa moja kwa mbili bado unafanya kazi vizuri. Chukua huo kwa farasi mwepesi: sentimita 24. Farasi mzito mwenye chuma mwili mzima mpe 18.

Shida sio mwendo, ni kona, na hapa ndo nakuomba usiwe mvivu. Ukiruhusu farasi kugeuka bure umerudi kwenye askari wa mara mbili. Kata karatasi ya daftari iwe mraba, ikunje kona kwa kona, ushapata pembe ya digrii 45 ya kubebea mfukoni. Kanuni: mwanzo wa zamu farasi anaruhusiwa kugeuka mpaka 45 bure, kila 45 nyingine inakula sentimita 6 za mwendo wake. Askari wa miguu anageuka anavyotaka.

Angalia inachofanya. Farasi mwepesi akitaka kurudi alikotoka, digrii 180, ya kwanza bure, tatu zilizobaki zinakula 18, anabaki na sentimita 6. Anageuka na kuchomoka kidogo. Farasi mzito mwenye 18 akigeuka nyuma amemaliza mwendo wote, amesimama palepale, mgongo wake uko kwa adui zamu nzima. Namba moja tu imeshatenganisha aina mbili za farasi na hujagusa silaha bado.

Msituni, kwenye matope, magofu na maji, nusu mwendo na hakuna kuvamia. Watu wanaona nusu mwendo ni adhabu kali lakini soma vita vya Agincourt 1415 dhidi ya Waingereza, Wafaransa walikuwa na wapiganaji wazito wengi na shamba lililolimwa na kunyeshewa lilichangia kuwamaliza pamoja na mishale.

Kuvamia

Hii ndo sababu ya mtu kununua farasi kwahiyo iwe na raha yake. Farasi mzito ambaye sentimita 10 za mwisho kabla ya kugusana amezikimbia mstari mnyoofu, raundi ya kwanza anarusha dadu mbili badala ya moja, na anapiga kwa 3 kwenda juu, na wanaokufa wanatolewa kabla hawajajibu. Raundi zinazofuata anarudi kuwa wa kawaida, dadu moja, 4 kwenda juu.

Tuhesabu. Dadu ya kuvamia inaua theluthi mbili mara theluthi mbili, yaani 4 kwa 9, ziko mbili, unapata wastani wa 8 kwa 9, karibu mtu mmoja kwa kila farasi. Raundi ya kawaida ni theluthi moja. Kwahiyo kuvamia kuna nguvu mara mbili na theluthi mbili zaidi ya kupigana umesimama. Nimpe farasi mzito kinga ya 4 kwenda juu na pointi 10, alafu tuweke farasi 10 dhidi ya askari 25, pointi 100 kwa 100, uwanja mtupu. Farasi wanavamia, askari tisa chini. Wamebaki 16, tuseme wote wanafika kupigana, kila mmoja anamtoa farasi mara moja kati ya nne, wanaondoka wanne. Farasi sita waliobaki, bila kuvamia sasa, wanaua wawili tu. Askari 14 wanajibu, farasi watatu au wanne wanaondoka. Raundi inayofuata hakuna kikosi cha farasi tena.

Hapo umeona kitu kizuri. Farasi akigonga akabaki palepale amekwisha. Inabidi agonge penye watu wachache, pembeni, au agonge pamoja na askari wake wa miguu wanaoshikilia mbele. Mchezaji mgeni atapoteza kikosi chake mara ya kwanza na atakasirika, mwachie, mara ya pili atakuja na akili nyingine.

Sasa mikuki. Askari wa miguu wenye mikuki mirefu ambao hawakusogea zamu yao iliyopita na wameelekea upande farasi anakotokea, wanapiga kwanza, na farasi anapoteza faida zote za kuvamia. Sio kwamba mkuki ni uchawi, farasi mwenyewe hataki kujitupa kwenye ukuta wa vyuma. Kwenye vita vya Waterloo 1815 farasi wa Wafaransa chini ya Jemadari Ney walizunguka miraba ya Waingereza (askari wamejipanga pande nne wakitazama nje) mara kwa mara alasiri ile, askari wamesimama na singe zao, na miraba haikuvunjika. Mezani mraba unaonekana vizuri sana kwa vidoli, na ukiwa mraba hauna ubavu wa kuvamiwa, ila hausogei, na mshale au mzinga ukitua katikati unavuna. Ndo utamu wa gemu ulipo, farasi wanamlazimisha mtu ajikunje, mizinga inamwadhibu kwa kujikunja.

Farasi na mtu ni wawili

Kidoli anachomoka, basi tumia. Mpanda farasi akipigwa na kinga ikagoma rusha dadu:

1 au 2, mtu amekufa, farasi mzima.
3, 4 au 5, farasi ameanguka. Mtu anarusha tena, 4 kwenda juu amepona na anasimama chini kama askari wa miguu, zamu inayofuata hafanyi kitu, anajikung'uta vumbi.
6, wote wawili.

Mahesabu yake ni kwamba mara moja kati ya nne unabaki na mtu anayetembea, mara moja kati ya tatu unabaki na farasi asiye na mwenyewe, zilizobaki umekosa vyote. Kwa farasi asiye na mwenyewe rusha dadu: 1 mpaka 3 anatimua mstari mnyoofu kuelekea ukingo wa meza uliokaribu na yeyote aliye njiani anasogezwa, hata kama ni wa kwako, 4 mpaka 6 anasimama anakula majani. Askari yeyote akimgusa anaweza kutumia zamu nzima kupanda. Yeyote, hata adui. Kikosi cha watu wa miguu kikianza kuokota farasi katikati ya mechi meza nzima inapiga kelele, na ndo sehemu watu wanayoisimulia wakienda nyumbani.

Kushuka mwenyewe kwa hiari kunakula nusu ya mwendo. Kama kikosi kizima kinashuka kupigana kwa bunduki basi mmoja kati ya kila wanne abaki ameshika farasi na hapigani, hivo ndo walivyofanya wapanda farasi kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani 1861 hadi 1865. Watu husahau hii wakashangaa bunduki zao hazitoshi.

Aina nyingine, chagua chache

Usiweke zote kwenye meza moja, tafadhali. Aina mbili kila upande inatosha kabisa, tatu ni fujo.

Mpiga mishale wa farasi, pointi 9, ni farasi mwepesi anayeruhusiwa kwenda nusu ya mwendo, kupiga, alafu kumalizia nusu nyingine. Huyu ni msumbufu kuliko wote, usipomwekea mpaka atazunguka meza nzima bila kuguswa na mechi itaisha saa nane usiku. Dawa ni mishale. Pachika vitufe vinne vya duara vya 1 kwa 1 kwenye pleti yake, vile vidogo rangi yoyote, kila akipiga unang'oa kimoja. Vikiisha akajaze nyuma. Kwenye vita vya Carrhae mwaka 53 kabla ya Kristo Waroma walitegemea mishale ya Waparthi iishe, wakaja kuona ngamia wanaleta mingine, kwahiyo mchezaji mwenye akili atalipia ngamia mmoja wa mizigo, pointi 5, hapigani, akiguswa naye kitufe kimoja kimoja kinarudi. Na mpinzani naye sasa ana kitu cha kuwinda.

Ngamia wa kupigana: mwendo 20, hapunguziwi kwenye mchanga. Farasi wa adui aliye ndani ya sentimita 10 kutoka kwa ngamia hawezi kuvamia. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa kale, anaeleza Koreshi mfalme wa Uajemi alivyowapanga ngamia mbele dhidi ya wapanda farasi wa Lidia na farasi wakakimbia harufu.

Tembo jenga mkubwa, pleti ya 6 kwa 10 angalau, watu watatu juu, kinga 3 kwenda juu, dadu tatu akivamia, pointi 30. Sasa mlipishe: kila akipigwa hata kama kinga imemwokoa rusha dadu, 1 au 2 amechanganyikiwa na anaenda mstari mnyoofu upande aliogeukia kila zamu mpaka ukingo. Na askari wa miguu ambao hawajasogea wanaruhusiwa kumfungulia njia, wanasogea pembeni sentimita 3 na tembo anapita katikati bila kumgusa mtu, kama Scipio, jemadari wa Waroma, alivyofanya kwenye vita vya Zama mwaka 202 kabla ya Kristo.

Farasi wa Sahel, wa dola za zamani za Bornu na Sokoto upande wa kaskazini mwa Nigeria ya leo, hawa mi nawapenda kuliko mashujaa wa Ulaya wa makopo makopo. Walivikwa nguo nene za pamba zilizoshonwa kwa mistari kama godoro, farasi na mtu wote. Kwenye matofali unazipata kwa vipande bapa vya rangi, njano nyekundu njano nyekundu, pembeni mwa farasi wa kujenga. Kinga 4, mwendo 20, pointi 10, na kama gemu lenu lina moto basi moto unawaharibia kinga.

Na kwa meza ya kisasa, bodaboda. Pikipiki za matofali zimejaa na hakuna kitu kilichokaa kama farasi mwepesi kuliko hicho. Mwendo 30 kwenye barabara, 12 nje ya barabara, kona zilezile za karatasi. Dereva hapigi risasi anapoendesha, abiria anapiga kwa 5 kwenda juu. Mishikaki inaruhusiwa, abiria wawili, lakini ukiwabeba wawili kila kona rusha dadu na ukipata 1 wote watatu wako chini. Pointi 8 bila abiria.

Pointi zinapatikana kwa kucheza

Usikae na kalkuleta usiku kucha. Zile pointi nilizotaja ni za kuanzia, kwenye gemu lenu zitahama. Panga pointi 100 za farasi dhidi ya 100 za miguu mara kadhaa na mbadilishane upande kila mechi. Cheza kwanza meza tupu, alafu meza yenye nusu nzima ya vizuizi, ukuta, mto, kijiji. Unachotafuta sio matokeo sawa kwenye kila meza. Unatafuta farasi washinde mara nyingi meza tupu na wapoteze mara nyingi meza iliyojaa. Kama wanashinda zote mbili, usiguse pointi kwanza, ongeza bei ya kona kutoka sentimita 6 mpaka 8 ujaribu tena, maana mara nyingi wanatoroka kirahisi tu. Kama wanapoteza hata meza tupu, hapo shusha pointi moja moja. Na badilisha kitu kimoja kwa wakati, ukibadilisha viwili hutajua kipi kimefanya kazi.

Andika kila aina kwenye kadi ndogo, mwendo, kinga, pointi, mstari mmoja wa kanuni yake maalum. Ikizidi mistari miwili kanuni ni ndefu mno, ipunguze.

Meza ya kuanzia, ya hukuhuku

Kwetu historia ya vikosi vya farasi ni fupi kwasababu maeneo mengi yana mbung'o na farasi hadumu, lakini kuna kisa kimoja kinachofaa kabisa. Mwaka 1916, vita ya kwanza ya dunia, brigedi ya farasi kutoka Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer ilikimbia kutoka upande wa Arusha mpaka Kondoa Irangi, ikafika Aprili katikati ya mvua, na ikawa imepoteza farasi wengi sana kwa magonjwa na uchovu kuliko kwa risasi.

Mezani fanya hivi. Upande mmoja farasi wepesi 14 wenye bunduki, wanaruhusiwa kushuka, pointi 98. Upande wa pili askari wa Kijerumani na askari wao wa Kiafrika 24 wa miguu, pointi 96, wako mlimani mwisho wa meza. Wote wanapiga bunduki mpaka sentimita 30 kwa 5 kwenda juu, na aliye mgongoni mwa farasi hapigi. Tandaza vichaka na mto kati yao. Mwanzo wa kila zamu kila farasi aliye kichakani au mtoni anarusha dadu, akipata 1 farasi anatolewa na mtu anaendelea kwa miguu. Mechi ni zamu nane. Mwenye farasi anashinda akiwa na watu sita kwenye kilima mwisho wa zamu ya nane, wawe juu ya farasi au chini haijalishi. Akikwepa vichaka anazunguka na anachelewa, akikatiza anafika mapema ila nusu ya kikosi chake watakuwa wanatembea. Wenye kilima wasishuke kabla ya zamu ya tatu, vinginevyo mechi inakuwa fupi mno.